Kungu wa Shaame

Mwaka wa kumi na tisa huu napara samaki diko la Tumbe,
na kisu changu kimesoma kuliko mimi.
Niulize uzito, nitakwambia kwa kiganja.
Niulize umri, nitatazama jicho na mkia.
Tumbo tu ndilo nisilolisema,
maana kilichomo nakila.

Ndiyo. Mayai ya kungu, kwa ndimu na pilipili mbuzi,
nayakaanga mwenyewe, hayafiki sahanini.
Basi msinifanye mtakatifu kwa haya ninayoyasema.

Kungu wa shubiri mbili, nikimpasua,
namkuta na kijifuko mfano wa kidole cha mtoto.
Kungu yule wa kuchukuliwa na watu wawili, mti begani,
nikimpasua, ndoo inajaa
na nyingine naazima.
Mwili umezidi mara tatu,
mayai sijui yamezidi mara ngapi, nimechoka kuhesabu.
Huyo ndiye kisima,
na sisi kila asubuhi twafurahi kukichota hadi tope.

Nikamwambia ndugu yangu Shaame, anafunga ndoana kizingitini:
"Wakubwa wenye mayai, warudishe."
Akaukata uzi kwa meno.
"Rubea ananunua kwa kilo, dada, hanunui kwa huruma.
Mmoja tu wa hao ni ada ya Faki muhula mzima.
Na nikimwacha mimi, atavuliwa na wa Kojani
sijafika hata pwani.
Hapo nitakuwa nimemsamehe nani?"

Sikuwa na jibu.
Nilikuwa na kisu, na kisu si jibu.

Mfunguo tano, maji mafu,
akamtoa mmoja pima arubaini.
Kasimulia mwenyewe, mara moja tu, hakurudia:
alipofika juu macho yamemtoka,
pumzi imemjaa, utumbo umechungulia mdomoni
kama puto la sikukuu.
Tumbo, anasema, lilikuwa gumu kama la mja mzito.
Akamtia majini. Akaelea ubavu.
Akamsukuma. Akaelea.
Shakwe wawili wakaanza kushuka.

Kumbe hata kuachia kuna ufundi wake.

Akachukua jiwe la nanga,
akachukua ndoana akaivunja chembe,
akaipitisha mdomoni kinyumenyume,
akamshusha taratibu, pima kwa pima,
kama unavyomshusha mtu wako
mahali usipotaka avumbike.
Akavuta kwa ghafla.
Jiwe likarudi peke yake.

Diko zima lilicheka siku tatu.
"Shaame kamfunga samaki jiwe, anataka kumzamisha!"
Rubea hakucheka. Alimnyima barafu wiki nzima,
na ada ya Faki ikatoka katika kibubu changu,
shilingi za kununulia mlango.
Mlango bado ni gunia.
Mvua ikija ya upepo tunalala upande mmoja.

Mwanangu akaniuliza, "Yu hai huyo samaki?"
Nikamwambia, sijui.
Bahari haitoi risiti.

Baada ya Idi ya kuchinja akaletwa mkubwa,
kavuliwa na watu wa mbali, sikuwajua.
Wakamtupa mbele yangu, sakafu ikalia.
Mdomoni ana tundu la zamani, limepona, limefanya kovu.
Laweza kuwa la ndoana yoyote.
Wangapi hukata mishipi bahari hii?
Nikampasua polepole, moyo unanienda mbio.
Tumbo limelegea. Tupu.
Amekwisha kumwaga, wapi, lini, 
wangapi wamefika wakawa samaki,
kisu hakikusema.

Nilimwita Shaame, sikumwambia neno.
Nilimshika kidole, nikakipitisha tunduni.
Akakaa nacho humo kitambo,
mpaka Rubea akapiga kelele ya mizani.

Siku ile nilirudi nyumbani na sufuria kavu.
Sikuwa na cha kukaanga.